Toa Kamera, Punguza Bei

Nianze kwa ubishi, maana ndivyo nilivyoumbwa. Watu wakikaa wakalalamika kwamba magari mapya siku hizi bei hazishikiki, huwa nawauliza: nyinyi mmejuaje? Mmesikia redioni? Mimi bei ya gari jipya nimeikimbiza miaka kumi na moja, na kila nilipoikaribia ilibadili gia ikaniacha kwenye vumbi. Kwa hiyo mtu asinisimulie.

Kazi yangu ni mchele. Nanunua mpunga Chimala, nakoboa hukohuko, mchele nauleta Mbeya. Nyumba yangu iko Iyunga, karibu na barabara kuu kiasi kwamba malori yakipita vikombe vinatetemeka kabatini. Nina hasira za karibu, wateja wangu wanajua, na wanaendelea kuja kwa sababu mchele wangu hauna mawe. Baba yangu analima vitunguu Ruaha Mbuyuni, mwisho kabisa wa mkoa wa Iringa, ukishamaliza kuteremka Kitonga, kwenye joto ambalo mtu wa Mbeya akishuka tu kwenye basi anatafuta wa kumlaumu. Anakaribia miaka themanini, na bado anabishana na wanunuzi wa vitunguu mpaka wanaomba maji ya kunywa.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa na pikapu. Si pikapu iliyochoshwa na wengine huko ikaja kufia kwetu. Ilikuwa mpya, ya dukani, na makalio ya kwanza ya mwenye mali kuikalia yalikuwa ya kwake. Aliingojea kibali cha serikali cha kununua gari mpaka majirani wakaanza kumwita Bwana Gari kwa kejeli, na siku alipoileta kutoka Iringa mjini wale wale wakaanza kumwita Bwana Gari kwa heshima. Ilikuwa ya bluu, kiti kimoja kirefu mbele, na kiti hicho kilikuja na nailoni yake. Baba hakuiondoa. Kwa joto la Mbuyuni mama alikuwa akishuka kwenye gari nailoni inambandua mapaja, analia "Yalaa!", lakini nailoni ilibaki, kwa sababu kuiondoa ilikuwa kukiri kwamba gari limeanza kuzeeka.

Na alikuwa na kawaida moja. Akitoka shambani na mzigo wa vitunguu hakukata kona kuingia nyumbani. Alipita nyumba, akaenda hadi uwanja wa mpira wa shule, akauzunguka wote, ndipo akarudi na kusimamisha gari kando ya nyumba, pua ikitazama barabara. Sisi watoto tulikuwa nyuma juu ya magunia. Gari likikata ile kona ya golini tulipiga kelele mpaka koo zinakauka, na mama alisema anatusikia akiwa jikoni.

Nilipofaulu kwenda sekondari nikapata nafasi shule ya bweni ya wasichana, ya kanisa, huko Iringa. Ada ilikuwa ada kweli. Kulikuwa na godoro, sanduku la bati, viatu jozi mbili, blanketi la baridi. Wiki moja kabla sijaondoka akaja mfanyabiashara kutoka Makambako, akazunguka pikapu akigongagonga mabati, akampa baba bahasha, akaondoka na pikapu. Nailoni ilikuwa bado iko kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani na miaka kumi na mitatu yangu, nikaelewa kilichotokea, nikamwambia baba kwa sauti kubwa, watu wanasikia: "Baba, nitakununulia mpya. Mpya ya dukani, siyo ya mtu." Baba akasema, "Sawa mama," kwa sauti ya mtu anayefikiria kitu kingine.

Ahadi nyingine za utotoni hupotea. Hii haikupotea. Niliibeba shuleni, nikaibeba kwenye ndoa, nikaibeba nilipoanza biashara na gunia moja na nusu la mchele. Nilitaka baba alione gari hilo akiwa na miguu ya kulizungukia. Sikutaka kulipeleka kwenye msiba wake watu wakanisifu.

Miaka kumi na moja iliyopita nikaanza kuweka pesa kwa nia. Nikaenda kuuliza bei ya pikapu mpya, wakanitajia, nikasema haya, miaka minne. Miaka minne ikaisha, nikarudi na kifua mbele. Bei ilikuwa imepanda. Nikamuuliza muuzaji kama kuna mtu aliyemwambia ninakuja. Nikarudi Chimala, nikakoboa mpunga miaka mingine mitatu, nikaenda tena. Imepanda. Mara ya nne sikuingia hata ndani. Nilisimama nje kwenye kioo, mlinzi akaniuliza kama nimepotea, nikamjibu vibaya, baadaye nikarudi kumwomba radhi na nusu kilo ya mchele.

Mwishowe nikamweleza baba kwenye simu. Sikutaka kumweleza, lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka. Nikamtajia bei.

Nikasikia anazima redio.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hiyo ni gari au ni kijiji?" Akaanza kupiga hesabu. Baba hesabu zake zote ni za vitunguu. "Ile pikapu yangu ilikuwa magunia mia na arobaini. Mia na arobaini! Hiyo unayoitaja wewe ni zaidi ya elfu moja. Vitunguu ni vilevile, magunia ni yaleyale, barabara ni hiihii. Magurudumu yameongezeka?"

"Manne, baba."

"Basi ni wizi. Wewe huwezi kupatana na watu, una hasira. Nakuja mwenyewe."

Akaja. Akashuka kwenye basi na koti lake la kanisani, gunia la vitunguu kwa ajili yangu, na kopo la majani ya chai amelikumbatia kifuani. Ndani ya kopo kulikuwa na risiti ya pikapu ya bluu. Karatasi ilikuwa ya njano, imekunjwa mara nne, lakini bei ilisomeka. Nikamwambia, "Baba, hela hii leo hainunui hata tairi." Akasema tutaona.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye duka la magari mapya, kubwa, la vioo, sakafu inateleza. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye kipara na tai nyekundu. Baba akaanza kama anavyoanza sokoni: salamu, nyumbani hawajambo, watoto wangapi, mvua huku imekuwaje. Yule bwana alijibu yote kwa adabu, ingawa nyuma yake kulikuwa na watu wanangoja. Halafu baba akafungua kopo, akaikunjua ile risiti juu ya boneti ya pikapu nyeupe inayong'aa, akainyoosha kwa kiganja.

"Mimi ni mteja wa zamani," akasema. "Bei yangu ni hii. Sasa sikatai, maisha yamepanda. Ongeza kidogo, tumalize."

Muuzaji aliisoma ile risiti polepole. Namsifu, hakucheka. Akamwambia, "Mzee, shilingi ya kwenye karatasi hii na shilingi ya leo zimefanana jina tu. Gari linanunuliwa kwa dola huko linakotoka, likivuka bahari linalipiwa meli, likifika linalipiwa ushuru na kodi. Dola ikipanda kidogo, sisi hapa tunapanda nayo."

"Hiyo nimeelewa," akasema baba. "Mbolea nayo wananiambia hivyohivyo. Lakini hiyo haifiki magunia elfu moja. Kuna nini humo ndani?"

Hapo ndipo yule bwana alipofanya kosa. Akaanza kumtajia. Akafungua mlango akaonyesha mifuko ya hewa, inayofura gari likigonga ili watu wasiumie.

"Mingapi?"

"Sita, mzee."

"Sita! Mimi nina kifua kimoja. Acha miwili, minne toa. Punguza bei."

Nilifunga macho. Nilijua kinachokuja. Kwetu Mbuyuni mnunuzi akisema gunia ni ghali, mnafungua gunia mnatoa vitunguu, bei inashuka, wote mnaridhika. Baba alikuwa amelifungua gari kama gunia.

"Na hiki?"

"Hiyo ni kompyuta ya breki. Ukikanyaga kwenye utelezi, matairi hayajifungi."

"Mimi kwenye utelezi siendi. Toa. Na hiki?"

"Vioo, vinapanda vyenyewe ukibonyeza."

"Mkono ninao. Toa. Andika basi, mbona huandiki?"

Na yule bwana, sijui alipatwa na nini, akatoa kalamu akaanza kuandika. Wateja waliokuwa wanangoja wakasogea. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Mwulize na redio, babu." Redio ikatolewa, kioo chake kikatolewa, sauti ya kukukumbusha mkanda ikatolewa kwa sababu baba alisema mke wake alikuwa akimkumbusha mambo bure. Walipofika kwenye kiyoyozi muuzaji akawasha, upepo wa baridi ukampiga baba usoni.

"Mimi nimetoka Mbuyuni," akasema. "Hiyo iache."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta pa kuuficha uso. Baba akadai jumla. Muuzaji akaweka kalamu mfukoni.

"Mzee wangu, nisamehe. Haviondoki. Gari linatoka kiwandani limeshonwa navyo. Kule kwao siku hizi hawaruhusu kuuza gari lisilo na vitu vya usalama, na moshi nao unapimwa, injini imewekewa vidude vya kuusafisha. Lile la kwako la zamani lilikuwa injini, kiti, na sala zako. Hili lina kompyuta zaidi ya ofisi yangu."

"Watengeneze lingine tupu. La watu kama sisi."

"Lipo moja karibu tupu. Nani analinunua? Mtu akija hapa anauliza kioo kiko wapi, kamera iko wapi, simu inaunganishwa vipi. Lile tupu linakaa mpaka linaota vumbi."

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia huo ni ujanja wa wafanyabiashara, mnampa mtu asichoomba halafu mnamlipisha. Akanitazama. "Mama, wewe unafanya shughuli gani?"

"Mchele," nikasema, na nikajua hapohapo kwamba nimejiponza.

"Mchele wako wa leo na ule uliouza ulipoanza, kilo ni bei moja?"

"Haihusiani!"

"Ngoja," akasema baba, ameegemea gari la watu. "Ajibu."

Ikabidi nijibu, mbele ya kadamnasi. Kwamba nilipoanza nilikuwa nauza mchele na mawe yake na chuya zake, mteja anaenda kuchagua mwenyewe kwenye ungo. Kwamba sasa nina mashine ya kutoa mawe, mashine ya kupanga punje ndefu na zilizovunjika, na mfuko wenye picha ya mlima. Kwamba mchele ni ule ule wa Chimala, maji yale yale, na bei ni nyingine kabisa.

"Na ukileta leo ule wa mawe, wa bei ya chini?" akauliza yule bwana kwa upole.

"Hakuna anayenunua," nikasema.

"Loo," baba akasema. "Kumbe na wewe umo." Akanigeuzia kisogo, akamwambia muuzaji: "Basi kama hupunguzi, niongezee." Maana vitunguu vyetu tunauza kwa lumbesa, gunia limevimba na kilemba juu, na mtu akishindwa kushusha bei anadai kilemba. Muuzaji akaingia ofisini akarudi na kofia mbili na kishikio cha ufunguo. Baba akavaa kofia juu ya kofia.

Lakini bei ilikuwa palepale, na mimi nilikuwa nimeshaamua tangu nikiwa kitandani alfajiri. Nikamvuta baba pembeni. Nikamwambia pesa niliyonayo inafika karibu theluthi mbili. Kilichobaki nitauza mashine ya kutoa mawe, kuna mtu Igawa anaitaka, na nitauza ile ya kupanga punje. "Nalipa mwezi huu. Utaendesha gari jipya, baba, kabla ya Krismasi."

Alinitazama muda, kisha akarudi kwenye gari, akapanda kwenye kiti cha dereva na kofia zake mbili, akamwambia muuzaji amwonyeshe kilichobaki. Muuzaji akawasha, akaweka gia ya kurudi nyuma. Kwenye kile kioo cha katikati ikatokea picha ya uani: pipa la taka, ndoo, na mlinzi anakula hindi la kuchoma hana habari.

"Hii ni nini?"

"Kamera ya nyuma, mzee. Ukirudi nyuma unaona kila kitu."

Baba akavua kofia moja.

"Mama, njoo," akaniita. "Leo nikwambie ukweli. Ile pikapu sikuiuza kwa sababu ya ada."

Nikasimama.

"Ada nilikuwa nayo. Vitunguu vya mwaka ule vilikubali. Niliiuza kwa sababu sikujua kurudi nyuma."

"Baba!"

"Kweli tupu. Aliyenifundisha gari ni padre wa misheni. Alinifundisha kwenda mbele, kona, breki, mlima. Tulipofika somo la kurudi nyuma, askofu akamhamisha. Mimi nikaona aibu kumwomba mtu mwingine. Siku moja nikakutana na lori Kitonga, mahali pembamba, linapiga honi nirudi nyuma. Nilikaa pale nikajifanya nasoma gazeti. Lori ndilo likarudi, na magogo yake, huku yule dereva ananitukania ukoo. Wewe unafikiri kwa nini nilikuwa nazunguka uwanja mzima wa shule kila siku? Petroli nilikuwa naokota? Nilikuwa sijui kugeuza!"

Muuzaji aliinama nyuma ya mlango mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tairi la maonyesho. Nilimkumbuka baba akizunguka goli, jioni baada ya jioni, na nikaona kabisa kwamba ni kweli, mtu anayejua kurudi nyuma hawezi kufanya vile. Karibu miaka arobaini! Nilikuwa nimebeba pikapu mgongoni karibu miaka arobaini kwa sababu ya padre kuhamishwa. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumchapa, nikaishia kucheka na kulia kwa pamoja mpaka yule mama wa redio akanipa leso.

"Kwa hiyo hunidai gari," nikasema.

"Sijawahi kukudai. Ulijidai mwenyewe. Nenda kanunue iliyotumika, kubwa kubwa, ubebee mchele, na mimi unipeleke kanisani ukija. Mashine zako ziache zilipo."

Nikafanya hivyo. Sitasema uongo, nililala usingizi wa mtoto mchanga mwezi mzima. Nikaagiza gari lililotumika Japani, jeupe, limetunzwa, na chenji ikabaki. Lilipofika nikaliwasha, mwanamke mmoja ndani ya dashibodi akanisalimu kwa Kijapani maneno marefu ambayo hadi leo sijui kama ni karibu au ni shika adabu. Viti nikavivalisha nailoni kwa fundi wa Mwanjelwa. Fundi akaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Nikaondoka Mbeya asubuhi, nikapita Chimala nikawapigia honi watu wa mashine, nikapita Makambako na baridi yake, Iringa, nikateremka Kitonga polepole nyuma ya malori. Baba alikuwa amekaa nje ananingoja, amevaa ile kofia ya dukani. Akafungua mlango, akaona nailoni, akaipapasa. Nikazungusha ufunguo ili asikie, yule mwanamke akasema maneno yake.

"Kamwene!" baba akamjibu kwa Kihehe, kwa heshima zote, akangoja aitikiwe. "Mbona haitikii? Ametoka wapi huyu?"

"Japani, baba."

"Mwambie huku tunasalimiana."

Sasa ujinga wangu. Kwa kutaka majirani walione vizuri, nililiingiza gari hadi ndani kabisa, kwenye njia nyembamba kati ya banda la vitunguu na mfereji wa kumwagilia, pua mbele. Njia ile ina kona katikati, na mwisho wake ni ukuta. Saa ya kutoka nikaweka gia ya kurudi nyuma. Kamera ikawaka, gari likaanza kupiga piii piii piii, yule mwanamke akaanza kuhutubia, na majirani wakaanza kunielekeza wote kwa pamoja: kata kulia, siyo hivyo, kata kushoto, mama rudi mbele. Tairi moja likachungulia mferejini. Nikafungua kioo nikawaambia wote wanyamaze, pamoja na huyo Mjapani. Jasho lilikuwa limenigandisha kwenye nailoni kama mama yangu.

Baba alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini.

"Shuka," akasema.

"Baba, hata wewe hu..."

"Shuka, utaliangusha. Klachi iko wapi?"

"Haina. Ni otomatiki."

"Basi weka ya mbele kwanza, mengine niachie."

Akakaa. Mkono wa kushoto akautupa juu ya mgongo wa kiti cha abiria, akageuza mwili wote akaangalia nyuma, mkono wa kulia ukashika usukani kwa kiganja tu. Kamera hakuiangalia hata mara moja. Gari likasogea mbele kidogo likaachana na mfereji, akanionyesha kwa kidole niweke tena nyuma, nikanyoosha mkono dirishani nikaweka. Halafu akaanza kurudi. Alirudi bila kusita, akaikata ile kona ya banda kwa mzunguko mmoja, hakugusa hata jani la kitunguu, akatoka hadi barabarani, akalinyoosha, akalisimamisha. Majirani walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimelifuata kwa mbele, mikono ikining'inia.

Makofi yalipoisha nilimwona baba anatazama mikono yake juu ya usukani. Nikaenda dirishani.

"Baba."

"Naam."

"Yule padre alihamishwa kweli?"

"Alihamishwa."

"Kabla ya somo la kurudi nyuma?"

Akatazama shamba, akatazama mfereji.

"Baada," akasema.

Akaendelea kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. "Na lile lori la Kitonga, mimi ndiye nilirudi. Nisingekwambia vile, ungefanya nini wewe? Ungeuza mashine. Nilikuona pale dukani, ulikuwa umeshauza. Ungeninunulia gari la kwendea kanisani, halafu mwenyewe urudi kuchagua mawe kwenye ungo na macho yako hayo. Ada ilikuwa ile pikapu, sawa, ndiyo hiyo hiyo. Niliipeleka shule, ikarudi ikiwa wewe. Sasa kuna deni gani hapo?"

Nilikuwa nalia, na safari hii hapakuwa na kicheko ndani yake. Nilimwambia alinidanganya mbele ya watu wa duka. Akasema ndiyo, na wale watu walifurahi. Nikajipangusa na kitenge. Kisha nikakumbuka.

"Na uwanja? Kama ulijua kurudi nyuma, kila siku ulikuwa unazunguka uwanja wa nini?"

Akanishangaa kweli, kama nimeuliza maji ni ya nini.

"Si mlikuwa mnapenda," akasema. "Mlikuwa mnapiga kelele mno. Mama yenu alikuwa anagomba petroli inaisha, namwambia acha bwana, ni golini na kurudi." Akapapasa usukani. "Lita siku hizi bei gani?"

Nikamtajia.

"Mungu wangu," akasema. Akafikiri. "Panda."

Nikazunguka nikapanda upande wa abiria, nailoni ikalia chini yangu. Nikamwekea gia ya kwenda mbele. Yule mwanamke wa Kijapani akasema neno, baba akamjibu, tukaenda hadi uwanja wa shule, na alipoikata kona ya golini nilipiga kelele.